Jina Lako la Pili Ni Nani?

Mwaka juzi nilimsindikiza rafiki yangu kutafuta nyumba katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi. Asubuhi tulikuwa tumepiga simu na keateka, yaani mwangalizi wa nyumba, akatuhakikishia kwamba nyumba ipo: ghorofa ya tatu, maji mara nne kwa wiki, stima ya tokeni, dipoziti ya mwezi mmoja. Tulipofika getini alimtazama rafiki yangu usoni, akautazama mtandio aliojifunga kichwani kwa sababu ya vumbi la barabara iliyokuwa ikichimbwa, kisha akauliza, "Madam, jina lako la pili ni nani?" Alipotajiwa akajikuna shingo. Nyumba, akasema, imechukuliwa sasa hivi, "hata pesa sijamaliza kuhesabu."

Rafiki yangu ni Mrendille, kwao Marsabit. Ni Mkatoliki wa ubatizo na kipaimara, na rozari haitoki mkobani mwake. Alinyimwa nyumba kwa ajili ya dini isiyo yake. Tukiwa steji tunasubiri matatu nilimwuliza kwa nini hakumweleza yule jamaa ukweli. Akanijibu: "Nikimwambia mimi si Mwislamu, nimeshakubali kwamba Mwislamu ni halali kunyimwa."

Jibu hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Lilinifanya nianze kuchunguza jinsi ubaguzi wa dini unavyofanya kazi Nairobi siku za kawaida, zile ambazo hakuna bomu lililolipuka wala nyumba ya ibada inayowaka. Pale getini hakuna aliyemtukana mwenzake. Hakukuwa na neno la kuandikisha kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi. Keateka alikuwa na adabu hata, alitufungulia geti tulipotoka na kututakia siku njema. Ugumu wa kulieleza jambo hili ndio huo. Ukilishika upande wa dini linateleza linakuwa kabila. Ukilifuata kwenye kabila linakuambia kwamba ni usalama. Ukilikimbiza huko unalikuta limekaa kwenye kodi ya nyumba.

Sura husomwa kwanza

Imani haionekani. Kinachoonekana ni pua, nywele, rangi, kitambaa, na jina lililoandikwa kwenye kitambulisho. Kwa hiyo Nairobi husoma sura kwanza, halafu huipachika dini.

Mluhya wa Mumias anaweza kuwa Mwislamu tangu enzi za babu wa baba yake. Uislamu ulifika huko na wafanyabiashara wa pwani zama za mfalme wao Nabongo Mumia, mwishoni mwa karne ya 19. Mtu huyo anaweza kukaa Kawangware miaka 20 bila kuulizwa lolote, maana hata jina la Juma halimfichui: magharibi mwa Kenya akina Juma na Hamisi wamejaa makanisani. Msomali, Mborana, Mgabra na Mrendille, kwa upande mwingine, hutiwa kapu moja hata kama mmoja anasali msikitini, mwingine kanisani na wa tatu anafuata desturi za wazee wake. Kapu lenyewe huitwa "Warya". Kwa Kisomali hilo ni neno la kumwita mtu tu, kama sisi tunavyosema "wewe bwana", lakini likitoka kinywani mwa makanga anayepakia watu Ngara, kila mmoja ndani ya gari anajua limekusudiwa vipi.

Kapu la pili ni la "Muhindi". Humo tumewatia Wahindu, Wajaini, Masingasinga, Waismailia, Mabohora na Wagoa, ambao wengi wao ni Wakatoliki waliokuwa wakihudhuria misa mjini kabla ya wengi wetu kuwa na kanisa la mabati kijijini. Hata neno Kalasinga, ambalo tunamwita kila mwenye kilemba cha Kipunjabi, husemwa kwamba lilitokana na mfanyabiashara mmoja wa mwanzoni mwa karne iliyopita aliyeitwa Kala Singh. Jina la mtu mmoja likawa jina la dini nzima. Mwezi Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la nchi. Ilikuwa heshima na watu walifurahi, ingawa mimi nilijiuliza ni kabila gani hilo lenye lugha tano na hekalu, msikiti, gurudwara na kanisa kwa mpigo.

Ukishaelewa kwamba sura hutangulia, mengi yanafunguka. Ndiyo maana Mswahili wa Lamu anayefanya kazi benki Westlands ataulizwa kwa utani kama amekuja na majini, lakini hataombwa kitambulisho mara mbili mlangoni. Msomali mwenzake wa dawati la pili ataombwa. Dini yao ni moja na msikiti wao ni mmoja.

Wengi hawajioni

Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 nchini. Wakristo wa madhehebu yote walikuwa asilimia 85 hivi, Waislamu asilimia 11. Aliye ndani ya kundi kubwa kiasi hicho huona desturi zake kuwa ndizo desturi za watu wote, na hilo halihitaji chuki yoyote.

Mkutano wa ofisi unafunguliwa: "Nani atatuombea?" Anasimama mmoja, anaomba kwa moyo wote, anafunga kwa jina la Yesu, tunasema Amina. Mwislamu aliyeketi karibu na dirisha anatazama vidole vyake. Ndivyo ilivyo kwenye chama, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, kwenye semina ya kaunti. Mimi mwenyewe nimewahi kuombwa nifungue mkutano kwa sala, nikafungua, na ilinichukua miaka kukumbuka kwamba mle ndani alikuwamo Mhindu. Mahojiano ya kazi huwekwa Ijumaa saa saba mchana. Tafrija ya mwisho wa mwaka ni mbuzi na bia, na yule anayekunywa soda huulizwa kila mwaka, kwa kicheko, lini ataacha kujinyima.

Katiba ya 2010 yenyewe imebeba mivutano hii. Utangulizi wake unatambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, na wimbo wa taifa unaanza kwa kumwita. Kifungu cha 8, kwa maneno machache kuliko vyote, kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Mkenya wa kawaida haoni mgongano hapo. Anayeuona ni asiyeamini Mungu. Sensa hiyohiyo iliwapata watu zaidi ya laki saba waliosema hawana dini, zaidi ya mara kumi ya Wahindu wote wa Kenya. Chama chao kilisajiliwa mapema 2016, na kabla mwaka kufika katikati usajili ukasimamishwa kwa hoja ya amani ya umma. Katika jiji hili unaweza kusali unavyotaka. Kutosali ndiko kunakowatia watu wasiwasi.

Nenda Bustani ya Jeevanjee saa ya chakula cha mchana. Wahubiri wanapokezana, spika ndogo inakwaruza, watu wamekaa kwenye nyasi wanakula karanga na kusikiliza kwa sikio moja. Mara nyingine huwa ni juu ya wokovu tu. Mara nyingine huwa ni juu ya dini za wenzetu, majina yakitajwa. Bustani hiyo ilitolewa kwa jiji mwaka 1906 na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi, Bohora, yaani Mwislamu. Simlaumu mhubiri kwa kutojua. Lakini huwa nasimama pale nikitabasamu.

Katika hotuba tunaambiwa tuvumiliane. Lisikilizeni neno hilo. Tunavumilia njaa, tunavumilia jua kali, tunavumilia jino mpaka mwisho wa mwezi. Anayekuvumilia amekwisha kuamua kwamba wewe ni maumivu.

"Rudini kwenu"

Kauli hii huelekezwa sana kwa Wasomali na Waislamu wengine panapotokea ugomvi wa kibiashara Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, au soko la Gikomba, nayo inastahili kujibiwa na historia.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Vijiji vya kwanza vya Waafrika mjini, kama Pangani, Maskini na kijiji kilichoitwa Mombasa, vilikuwa na Waislamu wengi: wapagazi wa misafara, wafanyabiashara wadogo, wanawake waliojijengea nyumba na kupangisha vyumba. Kuwa mtu wa mjini wakati huo kulikaribiana sana na kuwa Mwislamu na kuongea Kiswahili. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 iliwapokea wengi wao, na Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 wenye nyumba walihamishiwa Shauri Moyo. Msikiti wa Khoja ulifunguliwa mwaka 1922. Msikiti wa Jamia tunaouona leo ulijengwa kati ya 1925 na 1933. Wakati huo babu zetu wengi wa bara waliingia mjini na kipande, hati ya kazi ya kikoloni, kikining'inia shingoni, wakiruhusiwa kukaa maadamu wana kazi.

Wanubi wa Kibra wana hadithi chungu zaidi. Wazee wao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Waingereza, wakapewa makazi kwenye msitu ule, na jina Kibra lenyewe kwa Kinubi ni msitu. Karne nzima baadaye vijana wao walikuwa bado wanapelekwa mbele ya kamati kuthibitisha Ukenya wao kabla ya kupewa kitambulisho. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imewanyima watoto wa Kinubi haki yao ya uraia. Hati ya ardhi ya ekari 288 walikabidhiwa Juni 2017. Wasomali nao walikumbana na msako wa mwaka 1989 wa kuchuja nani Mkenya na nani si Mkenya. Rais William Ruto alitangaza Februari 2025 kwamba uchujaji huo wa vitambulisho umekwisha. Tangazo hilo lilizua kelele, na ukisikiliza kelele zenyewe, hoja ya usalama ilikuwa imebebana mgongoni na hoja ya dini.

Hofu ya kweli, mtu asiye yeye

Sitaki kumfanya keateka kuwa shetani. Hofu yake ina mizizi. Tarehe 7 Agosti 1998 watu 213 waliuawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani, pale makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Wengi walikuwa wapita njia tu, makarani na abiria wa basi, wa dini zote. Septemba 2012 guruneti lilirushwa katika kanisa la St. Polycarp, barabara ya Juja, likamwua mtoto aliyekuwa kwenye shule ya Jumapili. Novemba mwaka huo matatu ililipuliwa Eastleigh, na muda mfupi baadaye vijana wakawageukia Wasomali kwa mawe na kuvunja maduka yao. Septemba 2013 likaja shambulizi la jumba la maduka la Westgate, watu 67 wakauawa. Aprili 2014 serikali ikaanzisha operesheni ya Usalama Watch: maelfu walikamatwa, hasa Wasomali wa Eastleigh na South C, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwamo wazee na kina mama wenye watoto wachanga. Kwa mkazi wa Eastleigh, Kasarani haikuwa tena jina la uwanja wa mpira.

Sasa tazama jambo hili. Ndani ya Westgate, na baadaye Chuo Kikuu cha Garissa ambako watu 148 waliuawa Aprili 2015, wauaji waliwatenga watu kwa dini. Walitaka kujua nani Mwislamu na nani siye. Swali la keateka ni dada wa swali hilo. Limevua bunduki, limevaa koti la kazi, lakini linatenganisha watu kwa mstari uleule waliouchora wao.

Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na watu wenye silaha, Waislamu wakaambiwa wajitenge na Wakristo. Walikataa. Wanawake wengine waliwavisha wenzao Wakristo hijabu zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafa hospitalini Nairobi mwezi uliofuata. Watu wengi hapa jijini wanaikumbuka habari hiyo na kuisimulia kwa fahari, kisha kesho yake wanahama kiti kwenye matatu kwa sababu aliyeketi kando yao amevaa kanzu na kubeba begi.

Tena hofu hiyo haina hata faida iliyoahidiwa. Shambulizi la hoteli ya DusitD2, Nairobi, la Januari 2019 liliua watu 21. Mmoja wa washambuliaji alikuwa kijana Mkenya wa jina la Gichunge, jina la watu wa Mlima Kenya, aliyekuwa amepanga nyumba Muchatha, Kiambu, na kuishi na majirani wasiomshuku. Jina lake la pili lingepita kwenye geti lolote la Eastlands.

Kisu hukata kuwili

Ingekuwa rahisi kuandika makala yenye mkosaji mmoja. Lakini msichana wa Kikamba anayeuza duka la Eastleigh anajua neno "nywele ngumu" linamaanisha nani, yaani watu kama yeye wasio Wasomali, na anajua kwamba kupandishwa cheo dukani humo kuna dari. Kuna maduka anayotakiwa kujitanda kichwa ndipo ahudumie wateja, naye hujitanda, na jioni akifika steji anaufunga mtandio kwenye mkoba. Neno kafiri hutumika kwa wepesi ambao wanaolitumia wasingeukubali kwa neno gaidi. Huko Parklands na Ngara kuna nyumba ambazo hupangishwa kwa wasiokula nyama tu, na kila mtu huelewa kwamba hilo ni zaidi ya habari ya jikoni.

Halafu kuna nyama yenyewe. Machinjio mengi yanayolisha jiji, kama ya mbuzi kule Kiamaiko, huchinjiwa na Waislamu ili mteja yeyote aweze kula. Mara kwa mara hutokea Mkristo akalalamika: kwa nini mbuzi wangu asomewe dua ya mwingine? Sijawahi kukutana na mlalamikaji huyo akisusia nyama choma.

Wasiotajwa kabisa katika mazungumzo haya ni wadogo ndani ya nyumba kubwa. Waakorino, wenye vilemba vyeupe na ngoma, walipigwa risasi na polisi wa kikoloni katika msitu wa Ndarugu mwaka 1934. Leo ni Wakristo kama Wakristo wengine, lakini bado wakipanda matatu watu wanatazamana. Legio Maria na makanisa ya Roho hutaniwa kwa kanzu zao. Mlokole humwambia Mkatoliki kwamba anaabudu sanamu, Mkatoliki naye hufunga dirisha dhidi ya kesha la mlokole. Baada ya miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja kufukuliwa katika msitu wa Shakahola mwaka 2023, kila kanisa dogo la mabati lilianza kutazamwa kana kwamba lina makaburi uani.

Uchawi na ushetani ni kisima kingine. Serikali ya Moi iliunda tume mwaka 1994 kuchunguza ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ukiwa na tume ya taifa ya kumtafuta shetani, ni nani atakayeshangaa jirani akisema utajiri wa duka la ghorofa tano umeletwa na majini? Ukweli wa duka hilo ni mikopo isiyo na riba kati ya ndugu, mzigo wa Dubai na Uchina unaonunuliwa kwa pamoja, na faida ndogo kwa mauzo mengi. Lakini hayo yanahitaji kuelezwa, na majini yanajieleza yenyewe.

Sare ya shule

Mahali ambapo mambo haya hugeuka kesi ni shuleni, na hapa kuna la kujifunza kuliko kwingine.

Shule nyingi za umma Kenya zilianzishwa na makanisa, ambayo bado ni wadhamini wake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini jukumu la malezi ya kiroho, lakini inamtaka alinde dini za watoto wengine. Kati ya nusu ya kwanza ya sentensi hiyo na nusu ya pili ndimo watoto wanamoishi. Mtoto wa Kiislamu katika shule isiyo na mwalimu wa somo la dini yake husoma lile la Kikristo, hufanya mtihani, na mara nyingi hupita vizuri. Wazazi hukubali kwa kuwa karo imeshalipwa.

Wasabato walikwenda mahakamani kwa sababu watoto wao walilazimishwa masomo na kazi siku ya Jumamosi. Walishindwa Mahakama Kuu, wakashinda Mahakama ya Rufaa mwaka 2017. Kibra, shule ya upili ya Olympic ilimrudisha nyumbani Januari 2019 msichana wa kidato cha kwanza mwenye rasta. Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Urastafari ni dini inayolindwa na Katiba, na kwamba nywele za mtoto yule zilikuwa sehemu ya imani yake.

Kesi ya hijabu ndiyo iliyopinda zaidi. Ilitoka Isiolo, katika shule iliyodhaminiwa na kanisa la Methodist, ambako wasichana Waislamu walikuwa wameruhusiwa hijabu na suruali nyeupe. Mahakama Kuu ilisema ruhusa hiyo ni ubaguzi dhidi ya wanafunzi wengine. Mahakama ya Rufaa mwaka 2016 ikasema kinyume chake: kumpa mtu nafasi ya kufuata imani yake si kumpendelea. Mwezi Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo kwa sababu za utaratibu wa kesi, ikasema suala lenyewe lianze upya chini. Walimu wakuu wa Nairobi walibaki kila mmoja na sheria yake.

Pembeni mwa hoja za mawakili kuna swali ambalo kila mzazi analielewa. Sare hushonwa kwa kipimo cha nani? Sketi na kichwa wazi si vazi lisilo na dini. Lilikuja na wamisionari na vitabu vyao. Tumelizoea tu, kama tulivyozoea sala ya kufungua mkutano.

Vibanda na kodi

Kuna wakati dini hubeba mzigo usio wake. Mwishoni mwa mwaka 2000, South B, ugomvi wa vibanda vya wachuuzi vilivyokuwa karibu na msikiti uliishia kwa moto: msikiti ukaharibiwa, kanisa Katoliki la Our Lady Queen of Peace likachomwa. Mwaka mmoja baadaye Kibra ikalipuka kati ya wenye nyumba, wengi wao Wanubi Waislamu, na wapangaji, wengi wao Wajaluo Wakristo. Chanzo kilikuwa kodi, baada ya wanasiasa kusema hadharani kwamba wapangaji wanalipishwa kupita kiasi. Watu walikufa. Magazeti ya mbali yaliandika juu ya Waislamu na Wakristo. Aliyekuwa pale alijua bei ya chumba cha futi kumi kwa kumi.

Simaanishi kwamba dini haina lawama. Moto ukishawaka, dini huwa kuni nzuri kuliko vibanda, maana hakuna anayekufa kwa ajili ya kibanda lakini wapo watakaokufa kwa ajili ya msikiti au kanisa. Wachochezi wanalijua hilo, nao hufanya haraka kubadilisha jina la ugomvi.

Sheria, kwa upande wake, ina meno marefu na mkono mfupi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinamkataza hata mtu binafsi, si serikali peke yake, kumbagua mwenzake kwa dini, mavazi au asili. Kifungu cha 32 kinasema mtu hatanyimwa kazi wala kuingia mahali kwa ajili ya imani yake. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138, inafanya kuwa kosa kutamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mtu. Lakini nani atamshtaki keateka aliyesema nyumba imechukuliwa? Mwenye nyumba hayupo, hakuna tangazo lililoandikwa "Wasomali hapana", hakuna shahidi ila mimi, na wakili atataka ada kubwa kuliko dipoziti yenyewe. Rafiki yangu alifanya kile ambacho wengi hufanya. Alipanda matatu akaendelea kutafuta.

Miezi kadhaa baadaye, siku ya Ijumaa, nilikuwa natoka Soko la City nikapita Banda Street wakati watu wanatoka Jamia. Katikati ya umati nikamwona yule keateka, anakunja kofia yake ya kufuma na kuitia mfukoni. Hakunikumbuka mpaka nilipomtajia geti. Akacheka kwa aibu kidogo. Kwao Mumias, akaniambia.

"Mwenye nyumba anajua?"

"Ananiita fundi. Miaka sita. Hajawahi kuniuliza jina." Akatazama saa, kisha akaniuliza, "Yule dada alipata nyumba?"

Nikamwambia alipata, South C, kodi ikiwa juu kwa elfu nne.

"Huko maji yapo," akasema, akavuka barabara kuelekea steji.